Nichukue Jiografia au Niachane Nayo? Mwalimu Anajibu Barua Zenu

Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke barua zenu karibu zote zinaongelea kombi, yani yale masomo matatu ya kusoma kidato cha tano na sita. Nimechukua tatu zinazohusu jiografia, mana hilo ndo somo nililofundisha Moshi na baadae Arusha, na nikiona mtoto analikimbia au analazimishwa kulikimbia siwezi kunyamaza.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti, naishi Pasua hapa Moshi. Matokeo yangu jiografia nimepata B, Kiingereza B, Kiswahili B, hesabu C, historia C, baiolojia C, kemia D na fizikia D. Baba anataka niende PCB (fizikia, kemia na baiolojia) nije niwe daktari, anasema jiografia ni somo la walioshindwa sayansi na hakuna mtu aliyewahi kuajiriwa kwa kujua majina ya milima. Mimi nalipenda kweli, sio kwamba naona rahisi, ila naogopa kumbishia baba alafu baada ya miaka mitano niwe nimekaa nyumbani na digrii yangu. Kwenye selform, ile fomu ya kuchagua kombi, niliweka HGL (historia, jiografia na Kiingereza) ya kwanza, EGM (uchumi, jiografia na hesabu) ya pili. Nifanyeje? – Binti wa Pasua

Marahaba mwanangu, na hongera, hayo matokeo sio mabaya hata kidogo.

Tuanze na PCB tuimalize. Udaktari unataka fizikia, kemia na baiolojia zote tatu ufaulu vizuri kidato cha sita, na wewe umetoka na D mbili kati ya hizo tatu. Adivansi haianzi pale olevo ilipoishia, inaanza juu zaidi, kwaiyo ukienda na D ya fizikia utatumia miaka miwili kuziba mashimo huku wenzako wanasonga mbele. Baba anakutakia mema, hilo usilitilie shaka, ila hajaziona hizo D kwa jicho la mtu anayejua kidato cha tano kinataka nini. Usikae ukabishana nae peke yako. Mtafute mtu anayemsikiliza, shangazi, babamdogo, au mwalimu wako wa taaluma, aje nyumbani jioni mkae wote na hiyo karatasi ya matokeo iwe mezani.

Sasa hili la majina ya milima. Nalisikia kila mwaka na kila mwaka linaniuma, mana mtu anayelisema hajawahi kufungua pepa ya jiografia ya adivansi. Ngoja nikupe kitu kimoja mkafanye na baba. Chukua ramani ya topografia ya skeli ya 1:50,000, zile zenye mistari ya kontua ya kahawia inayounganisha sehemu zenye urefu sawa. Tafuta pointi moja iko mita 1,400 na nyingine mita 1,600, pima kwa rula ukute zimeachana sentimita 4. Kwa skeli hiyo sentimita 4 ni kilomita 2, yani mita 2,000, na umepanda mita 200, kwaiyo mteremko wako ni 1 kwa 10. Hapo hujakariri kitu, umepiga hesabu, na hiyo hesabu ndo itakwambia kama bomba la maji litashuka lenyewe au litahitaji pampu, na kama lori la mchanga litapanda hiyo barabara masika. Alafu unachukua kipande cha karatasi unakilaza juu ya ramani, kila kontua inapokatiza unaweka kialama kwa penseli na urefu wake, ukihamishia kwenye grafu unaona sura ya mlima kutoka ubavuni, ujue hata kama mtu wa bonde hili anamuona mtu wa bonde lile. Ndani ya somo hilo hilo kuna takwimu, kuna upimaji wa ardhi kwa mnyororo na dira, kuna kusoma picha za angani, kuna utafiti. Wanafunzi wanaokuja jiografia wakidhani wanakimbia hesabu huwa wanashtuka muhula wa kwanza tu.

Na kama baba bado hajaridhika muulize swali la meno. Kwanini watu wengi waliokulia Arumeru na maeneo ya kuzunguka Mlima Meru wana meno ya kahawia? Wengine wanasema ni kutopiga mswaki, na sio kweli, watoto wetu wamechekwa bure kwa hilo. Ule mlima ni volkano, miamba yake ina floraidi nyingi, maji yakipita humo chini yanaibeba mpaka kisimani. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ikizidi wakati meno ya mtoto yanajijenga yanatoka na madoa, ikizidi sana na kwa muda mrefu inaharibu hadi mifupa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kimefanya kazi ya kuiondoa kwa kutumia mkaa wa mifupa. Lakini kabla ya kuiondoa lazima mtu ajue maji ya wapi yanayo nyingi na ya wapi yanayo kidogo, kisima kichimbwe huku kisichimbwe kule, na huyo mtu anafanya kazi na ramani, miamba na mikondo ya maji. Daktari wa baba anampokea mtoto akishaharibika meno, mtu wa jiografia na wenzake wa maji ndo wanaweza kuzuia asiharibike. Zote ni kazi za kuokoa watu.

Haya, hofu yako ya digrii na kukaa nyumbani, hiyo naiheshimu na sitakudanganya. Jiografia peke yake, ukaisoma kwa kukariri, ukamaliza na ualimu wa masomo ya sanaa bila kitu kingine mkononi, foleni ya ajira ni ndefu na unawajua waliopanga hiyo foleni, wapo mtaani kwenu. Kwaiyo swali lako lisiwe jiografia ina kazi au haina. Uliza jiografia pamoja na nini. Kwenye kombi hiyo G inakaa na herufi mbili nyingine na hizo ndo zinaamua mlango gani utafunguka.

HGL ni kombi nzuri kama unataka sheria, ualimu, mahusiano ya kimataifa au utalii upande wa lugha, na B yako ya Kiingereza inakubeba, ila ni kombi yenye watu wengi na wengi wameingia kwa sababu waliikimbia namba. CBG ina kemia na baiolojia, inaelekea misitu, kilimo, wanyamapori na mazingira, ningekusukuma huko kama kemia ingekuwa C, kwa D sikushauri. PGM ni fizikia na hesabu, hao ndo wanaoenda upimaji ardhi, uhandisi na hali ya hewa, sio wewe kwa matokeo haya. EGM ni uchumi na hesabu za adivansi, inakupeleka mipango miji, uthamini wa ardhi, takwimu, uchumi, mipango ya maendeleo. HGE inakaa katikati, ina uchumi na jiografia na historia, badala ya hesabu za adivansi unasoma zile hesabu za msingi za adivansi wanazoita BAM. Na usiogope uchumi kwamba hujawahi kuusoma olevo, karibu wote mnaanza sifuri kidato cha tano. Tangu 2024 serikali imeongeza tahasusi, yani kombi, zikafika 65 kutoka 16, kwaiyo majina mapya utayaona, ila sio kila shule inazo, angalia shule unayoitaka ina nini.

Ushauri wangu kwako ni EGM iwe ya kwanza, HGE ya pili, HGL ishuke ya tatu. Lakini kuna sharti. Hiyo C ya hesabu umeipataje? Kama uliipata kwa kuelewa na ukakosa muda wa mazoezi, nenda EGM kifua mbele. Kama uliipata kwa kukariri maswali ya miaka ya nyuma, hesabu za adivansi zitakuumiza mwanangu, nimeona watoto wenye akili nzuri kabisa wanatoka na F ya hesabu na inawavutia chini hata jiografia waliyokuwa wanaiweza. Njia ya kujua ni rahisi, saivi upo nyumbani mpaka Julai, ingia tuisheni ya kujiandaa na kidato cha tano, soma hesabu kama mwezi hivi, topiki mbili tatu za mwanzo. Ukiona unaumia ila unaelewa, baki. Ukiona unaandika tu kinachoandikwa ubaoni bila kuelewa, hamia HGE na usione aibu.

TAMISEMI, ambao ndo wanapanga wanafunzi kidato cha tano, baada ya matokeo huwa inafungua dirisha mtandaoni la kubadilisha tahasusi na vyuo, usingoje siku ya mwisho mtandao unalemewa, na kaa na baba wakati wa kubadilisha ili asije akasema ulifanya kwa siri.

Na kuhusu kazi, mwambie baba aangalie hapo hapo tulipo. Ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko Moshi hapo hapo, hao ndo wanaogawa maji ya mito inayoshuka Kilimanjaro na Meru mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea, kati ya mkulima wa mpunga, shamba la miwa la TPC, mji na umeme. Makao makuu ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yako Arusha. Chuo cha wanyamapori Mweka kipo tangu 1963, baba akiamua kupanda daladala saa hizi anafika. Olmotonyi kuna chuo cha misitu. Kwa ardhi kuna Chuo Kikuu Ardhi Dar es Salaam, na vyuo vya ardhi Morogoro na Tabora kwa ngazi ya cheti na stashahada. Hali ya hewa wana chuo chao Kigoma. Hata ile sensa ya 2022 iliyotuhesabu tukawa 61,741,120, kabla karani hajagonga hodi kwenu kuna watu walishapita kutenga maeneo ya kuhesabia moja baada ya jingine, nchi nzima, na hiyo ni kazi ya ramani toka mwanzo hadi mwisho.

Kitu cha mwisho kwako, na hiki nakuomba ukifanye kabla ya chuo. Jifunze kutengeneza ramani kwa kompyuta. Kuna programu inaitwa QGIS, ni ya bure kabisa, inataka laptop ya kawaida tu. Dar es Salaam kuanzia 2015 kulikuwa na mradi unaitwa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi walipita mitaa inayofurika wakaichora, mifereji, nyumba, vichochoro, ramani ambayo haikuwepo. Mhitimu wa jiografia asiyejua hii kitu na anayeijua, mwajiri anawaona ni watu wawili tofauti kabisa.

Mwalimu habari za kazi. Nina kijana wangu yuko kidato cha pili shule ya kata huku Usa River. Msingi alikuwa anafanya vizuri tu, saivi jiografia kapata 31 na anasema anaichukia, ni kukariri tu, anataka aiache kabisa aweke nguvu kwenye masomo mengine. Nimruhusu? Baba yake anasema amwache mtoto achague. – Mama wa Usa River

Nzuri mama. Usimruhusu, bado mapema sana. Akiiacha kidato cha pili amejifungia EGM, CBG, HGL na nyingine zote zenye G kabla hata hajajua anataka nini maishani, na hiyo 31 ni D, hajafeli, ana pa kuanzia.

Mimi nadhani mtoto haichukii jiografia, ana shida ya Kiingereza. Umesema msingi alikuwa vizuri. Msingi alisoma kwa Kiswahili, kaingia kidato cha kwanza kila kitu kimegeuka, na jiografia ina maneno mengi magumu kuliko hata historia, sasa mtoto asiyeelewa sentensi atafanya nini zaidi ya kukariri? Anakariri kwa sababu ndo njia pekee iliyobaki. Kwaiyo jioni mwambie akueleze somo la leo kwa Kiswahili, hata kama wewe hukusoma, aeleze mpaka wewe uelewe, alafu ndo aandike hayo hayo kwa Kiingereza kwa maneno yake mafupi, na awe na kidaftari cha maneno mapya tu. Atlasi mnunulie, hata ya mtumba, ikae sebuleni sio kwenye begi.

Na mtoe nje mama, mnakaa mahali ambapo mtoto wa kwingine anapaona kwenye kitabu tu. Jumapili baada ya ibada nendeni Duluti pale Tengeru, mwambie hili ziwa limekaa kwenye kreta ya volkano, atazame kingo zake zilivyosimama, asimame hapo atafute mto unaoingia asiuone. Swali la volkano kwenye mtihani halitamsumbua tena. Mkienda Moshi kusalimia ndugu muulize kwanini kule joto kuliko Arusha wakati ni mwendo wa saa moja na nusu tu kwa gari. Arusha mjini iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Moshi mjini haifiki hata 1,000, na hewa inapoa kama nyuzi sita na nusu kila unapopanda mita 1,000, akipiga hiyo hesabu mwenyewe ndani ya basi hatoisahau. Muulize pia kwanini Machame na Kibosho kuna migomba na kahawa na mvua za kutosha, wakati ukizunguka upande wa pili wa mlima huo huo ni kukavu.

Baba yake yuko sahihi kwamba mtoto achague, ila achague akiwa anakijua anachokiacha. Mpeni mpaka mtihani wa taifa wa kidato cha pili, kama ameelewa na bado haipendi, hapo msikilizeni.

Nilitaka kuishia hapo mama ila kuna jambo liko moyoni. Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likafunika sehemu ya mji wa Katesh na watu wengi wakafariki, na Katesh sio mbali na sisi. Sekondari tunafundisha jinsi udongo uliolowa unavyoporomoka kwenye mteremko, dalili zake, mahali pa kujenga na pasipo pa kujenga. Miaka yote watoto wameliandika hilo kama pointi tano za kupata alama. Sisi tunaoishi kwenye miguu ya milima ya volkano tunatakiwa tulijue kama tunavyojua njia ya kwenda sokoni, kwaiyo hata kijana wako asipokuja kuwa mtaalamu wa chochote, hilo somo ni lake.

Mambo vipi mwalimu. Mimi ni mpagazi Mlima Kilimanjaro, natokea Marangu, nina miaka 24. Kidato cha nne nilipata D tatu, Kiswahili, uraia na baiolojia, zingine zote F. Nataka kusoma cheti cha kuongoza watalii ila chuo wamenambia wanataka D nne. Nirudie jiografia au nirudie somo jingine? – Mpagazi

Poa kijana wangu. Walichokwambia ni kweli, ngazi ya cheti wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kwaiyo umebakiza moja tu. Rudia mawili, jiografia na Kiingereza. Moja likigoma lingine litakubeba, na kwa kazi unayoitaka yote mawili utayatumia kila siku.

Wewe una faida kubwa kuliko mtoto aliyekaa darasani. Unapita mwenyewe kwa miguu kutoka msituni, unaingia kwenye vichaka na nyasi, unafika jangwa la juu mpaka kwenye mawe na barafu, hiyo ni mikanda ya uoto na tabianchi kwa mwinuko, ni swali zima la mtihani. Unajua Shira, Mawenzi na Kibo, sasa ongeza kwamba ni volkano tatu, kwamba Kibo imelala haijafa na ndani ya kreta yake bado kuna matundu yanayotoa gesi, kwamba kilele ni mita 5,895, na kwamba barafu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Hicho cha mwisho kila mgeni atakuuliza, na kiongozi anayejibu vizuri anaombwa tena kwa jina mwaka unaofuata. Unachokosa ni namna ya kukiandika kwenye karatasi, na ramani pamoja na takwimu ambazo mlimani hazipatikani, hapo tafuta mwalimu mmoja wa tuisheni wakati msimu umepoa, Aprili na Mei mvua zikiwa nyingi kazi zinapungua.

Unajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, fanya mapema mwanzoni mwa mwaka mana ukichelewa unalipa na faini juu. Anza kwa kwenda shule uliyomaliza uchukue namba yako ya mtihani wa zamani, wataiulizia kwenye kujisajili, na ukiwa hapo muulize mkuu kama shule yenyewe ni kituo cha watahiniwa wa kujitegemea, ikiwa sio atakuelekeza cha karibu na Marangu.